Ndoo ya lita 20 na kiuno kukaza

Mkazi_AreaC: Wadau wa Dodoma, maji yakikatika ni mwendo wa ndoo, mkono mmoja. Inainuliwaje bila kiuno kukaza?

Fundi_Viungo: Lita 20 ni kilo 20, bado ndoo yenyewe. Isogelee mpaka ikaribie kugusa miguu, kisha kunja nyonga na magoti, mgongo usipinde. Toa pumzi unapoinuka. Kosa kubwa ni kugeuza kiwiliwili mzigo ukiwa mkononi, geuza nyayo.

Mama_Zuzu: Na mkono mmoja wa nini jamani? Gawa lita 10 kila upande, mwili usilalie upande mmoja. Mabega yakipanda masikioni, tua, yashushe, endelea.

Fundi_Viungo: Kweli, Mama. Ila ganzi ikishuka mguuni, nenda hospitali.