Kang'oa ua la Usambara na mizizi yake halafu eti "usilie dada, kuna la plastiki Kariakoo"

Binti Chumbageni

Wakuu salaam, isipokuwa yeye, kama yumo humu salamu yangu haimhusu.

Naandika niko kwenye basi tunarudi Dar, tumepita Segera sasa hivi, tope la msitu wa Amani kule Tanga bado liko kwenye viatu na mikono inanitetemeka. Yeye yuko siti ya mbele kalala mdomo wazi kama pango la Amboni, anakoroma mpaka vioo vinajibu. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kila kundi la safari lazima awepo, yule wa kofia nyekundu na spika begani, yule wa "wapendwa saa kumi na moja kamili alfajiri gari linaondoka" halafu anatokea saa mbili na nusu anatafuna chapati.

Kuchelewa nimemsamehe. Spika nayo nimemsamehe, kutoka Muheza mpaka Zigi barabara ya vumbi na makona, matumbo yamepanda shingoni, yeye anapiga mziki utadhani tunampeleka bibi harusi. Tumefika pale Zigi kwenye kituo cha wageni, ile nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa inafika mpaka pale, mzee wa kutuongoza anatueleza taratibu kabisa habari za msitu, huyu bwana anamkatiza: "Mzee, simba wako wapi?" Simba! Msitu wa mvua, Usambara Mashariki, mtu mzima na ndevu zake anauliza simba. Nayo nikasamehe.

Ila ua jamani. Ua.

Mjue mimi hilo ua nimelisubiri miaka na miaka. Saintpaulia, wazungu wanaliita afrikani vayoleti, liko kwenye vikopo madirishani dunia nzima, na kwao ni hapa kwetu. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo kalipeleka kwao Ujerumani, wakalipa na jina lake. Dada yangu yuko Hamburg anayo matatu jikoni, mimi niliyezaliwa Bombo, Tanga hapo hapo, nalijua kwa picha za WhatsApp tu! Nikasema siku moja nitaliona likiwa kwao, kwenye mwamba wake.

Basi tumepanda, mvua ya rasharasha, mzee akasimama kwenye kijito akawasha tochi maana kule chini ya miti mchana ni kama magharibi, akasema angalieni hapa, msiguse. Nikapiga magoti kwenye tope. Mwamba umelowa, umejaa ukoga wa kijani, na kwenye ufa pale katikati ndo lipo, majani manene yana manyoya kama sikio la mwanambuzi, maua matano, moja halizidi kifungo cha shati, rangi ya zambarau, katikati vidoa vya njano. Tone la maji limekaa juu ya jani halianguki. Nilibana pumzi nisije nikalipuliza.

Ndo nikaona mkono unapita juu ya bega langu. Mkono una saa kubwa kama sinia. Ukashika. Ukavuta. Na mizizi!! Kachomeka kwenye kofia, katoa simu, kapiga selfi, ulimi nje.

Nikalia, sitaficha, nililia kwa sauti. Ndo akanigeukia mbele ya watu kumi na tisa akasema, "Usilie dada, kuna la plastiki Kariakoo, buku tano, tena lile halinyauki."

HALINYAUKI.

Mzee hakumtukana hata neno. Alilichomoa kwenye kofia, akashika tochi kwa meno, akachimba ule ufa kwa kidole akaurudisha mmea na mizizi yake, akaushindilia na ukoga pole pole kama anamfunika mtoto. Maua mawili kati ya yale matano yalikuwa yameshakatika. Na kuna watu walicheka, wewe wa miwani nimekuona.

Sina la kuongeza. Hapana ninalo. Buku tano!! Kitu kimeota chenyewe kwenye jiwe, hakuna aliyekipanda wala kukimwagilia, unakipangia bei ya Kariakoo?

Ngongoti wa Mabanda

Uzi tayari. Nimetandika mkeka, kahawa ipo, kashata zipo. Picha ziko wapi dada?

mama_wawili

Pole mdogo wangu nimesoma mpaka nimesimama. Huyo namjua, tulikwenda naye Mikumi akashuka kwenye gari kujisaidia, nyati hao hapo wanamuangalia. Tulipomuita akasema "nyati ana shughuli zake." Kofia nyekundu hiyo hiyo.

Kichwa Ngumu

Mleta uzi yaani umelia kwa ajili ya jani? Watu wanalilia kodi ya nyumba. Huyo jamaa kakuonea huruma kakupa na bei kabisa.

Binti Chumbageni

@Kichwa Ngumu sio jani, ni ua, na hakunionea huruma, alinicheka. Angalau angesema samahani mzee. Akasema halinyauki! Mimi nalia, yeye anasifia plastiki.

Mbondei Halisi

Kichwa Ngumu usiongee usichokijua. Mimi nimekulia chini ya milima ile. Ule ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, huchumi kitu, hung'oi kitu, iwe ua iwe uyoga. Na hayo maua sio magugu useme yatajaa kesho, yanataka mwamba wenye kivuli na unyevu, ukikata miti juu yake jua likapiga yamekwisha. Hapo yalipo yamekaa vizazi na vizazi, anakuja mtu na saa ya sinia.

Ila dada na wewe, umeenda Amani umerudi na vita 😂

Ngongoti wa Mabanda

😂😂 Amani bila amani. Kinyonga wa pembe tatu mlimuona lakini?

Binti Chumbageni

Tulimuona usiku, dume, maana ndo lenye pembe, jike hana. Limelala kwenye kijiti limekunja mkia kama pipi, rangi imepauka kabisa. Mnadhani kofia nyekundu alifanya nini? Kalisogezea spika eti tuone kama linacheza. Mzee akaizima mwenyewe ile spika. Lakini hata hilo halifiki lile la ua, nawaambia kweli, ule mkono naona bado unapita begani kwangu.

Mwana wa Shinyalu

Pole sana dadangu kutoka Kenya. Huku kwetu Kakamega kuna mmoja alikuja na mkungu mzima wa ndizi kulisha tumbili, akaambiwa asifanye hivyo, akasema yeye amekuja kujienjoy. Hao tumbili walichukua ndizi, wakachukua mkoba, wakapanda na kiatu chake kimoja juu ya mti. Alirudi mjini na soksi. Naona ni ndugu ya huyo wenu.

pwani_raha

Jozani pia wapo. Unaambiwa kaa mbali na kima punju, mtu anamkumbatia shingoni kama shemeji yake.

Chuma cha Pua

Tuache wanyama, tuulize la maana. Mlichangishwa shilingi ngapi na mlikula nini? Maana hawa waratibu wa safari mimi nina donda nao. "Chakula kipo wapendwa, pilau la kuku." Mwaka jana tumelipa, nimefungua kile kidishi, wali mweupe, maharage, kuku ni shingo!

mama_wawili

Shingo afadhali. Sisi tulipewa mgongo, mgongo wenyewe umeshatafunwa na dereva.

Binti Chumbageni

Sisi tuliambiwa pilau tukala ndizi mbili na maji nusu chupa. Lakini jamani tusitoke kwenye ua.

Kichwa Ngumu

Ndizi mbili?? Sasa hapo ndo ungelia. Kwenye ndizi nakuunga mkono asilimia mia.

Chuma cha Pua

Na hela harudishi. Ukimdai anakuambia "mafuta yalipanda." Mafuta ya kukaangia pilau ambalo halikupikwa?

Mbondei Halisi

Mngeshuka Muheza mle machungwa yenu.

mzigo_mwepesi

Umetaja machungwa ya Muheza umenitonesha. Wiki iliyopita nimenunua kiroba pale barabarani, juu mazuri yanang'aa, nafika Kimara namimina, chini yote madogo kama ndimu, mawili yameoza yana inzi.

Mbondei Halisi

Hukununua Muheza wewe, umenunua njiani ukadanganywa ni ya Muheza.

mzigo_mwepesi

Nilishuka Muheza kwa miguu yangu! Mama aliyeniuzia kavaa kanga ya bluu, kanichagulia kwa mkono wake huku ananiita mwanangu.

Ngongoti wa Mabanda

Akikuita mwanangu jua umeshapigwa.

Binti Chumbageni

Kaamka. Tumesimama Chalinze, kashuka kununua mahindi ya kuchoma na petali moja ya zambarau bado imeganda kwenye ile kofia. Naiona kutoka dirishani. Nimemfuata nikamwambia nipe hiyo. Akasema "ipi?"

mzigo_mwepesi

Dada mkiwa hapo Chalinze niangalizie machungwa kiroba shilingi ngapi. Na umwambie amimine kwanza uyaone ya chini.