Vikao vya Jumatatu kazini: tupeane uzoefu

Wadau, hamjambo? Nimekabidhiwa kitengo cha watu 9 hapa Westlands, Nairobi, na kikao cha kila Jumatatu kimenishinda. Tunaingia saa mbili unusu, tunatoka saa tano kasorobo, na ukiuliza tumekubaliana nini kila mtu anatazama kikombe chake. Nimepiga hesabu: ni zaidi ya saa 20 za kazi, siku mbili na nusu za mtu mmoja. Mnaoendesha vikao vikaenda, mnafanyaje?

*Wa ghalani, Industrial Area:*
Sisi hatukai. Tunasimama kando ya mizani kabla lori la kwanza halijafunguliwa turubai, dakika 15. Jana ulifanya nini, leo unafanya nini, umekwama wapi. Mwenye hadithi ndefu anamalizana na msimamizi baadaye. Kuna msimamizi mgeni alituonea huruma akaleta viti. Siku hiyo tulimaliza saa nne, na dereva wa Nakuru alikuwa ameshaondoka na mzigo usio wake. Viti vilirudi ofisini kabla ya chai.

*Katibu, Upper Hill:*
Naandika kumbukumbu mwaka wa saba huu. Ugonjwa uko kwenye yatokanayo, yale yaliyobaki kutoka kikao kilichopita: watu wanayapita mbio, kisha mengineyo, yasiyo kwenye ajenda, yanakula saa nzima. Mwaka jana niliacha kuandika "kitengo kitashughulikia". Kitengo hakina mikono. Naandika jina, kazi na siku, halafu natuma WhatsApp kabla ya chakula cha mchana. Wiki za kwanza walininunia, mmoja akaniuliza nimeajiriwa lini uaskari. Lakini printa "iliyoshughulikiwa" tangu Januari ilipona siku tatu baada ya kupata mwenyewe.

*Mkazi wa Ruiru:*
Faini ya kuchelewa msijaribu! Kwetu ilikuwa shilingi 50. Thika Road ikikwama imekwama, kwa hiyo nililipa, na wa Kilimani, wanaokaa karibu, wakanywa soda yangu Ijumaa. Kisha wajanja wakaanza kulipa mapema: "Shika hamsini, nitafika saa tatu." Faini ikageuka tiketi. Tukahamisha kikao kwenda Jumanne saa nne, na waliofika wanaanza, hakuna kumrudilia aliyechelewa. Sasa ukichelewa unajikuta umepangiwa kazi ambayo hukuitaka.

*Mwanzilishi wa mada:*
Asanteni. Majina nitaanza kuandika wiki hii, kusimama sijui, tuna mama mjamzito. Ila hamjanigusia donda lenyewe: bosi wangu huja "kusalimia tu", akashika dakika 40, na akishasema yeye wote wanaitikia ndiyo.

*Katibu, Upper Hill:*
Mpe nafasi ya mwisho kwenye ajenda. Mwambie ni heshima, mkubwa ndiye hufunga kikao. Wetu alikubali kwa furaha, na ndipo tulipogundua mhasibu ana maoni.