Kuhamishia injini ya dizeli ya 300D ndani ya stesheni wagoni ya 230TE

Mwenye_Wagoni:

Habari za wakati huu, wadau. Ninamiliki Mercedes-Benz 230TE, stesheni wagoni ya mwaka 1983 yenye gia za mkono, ambayo injini yake ya petroli ilichemsha hadi silinda hedi ikapinda na kupasuka katikati ya valvu mbili. Pembeni yake nimeegesha 300D, saluni ya mwaka 1982 yenye gia za mkono pia. Bodi yake imeliwa na kutu kiasi kwamba ukiweka jeki inazama sakafuni, lakini injini yake ya dizeli ya silinda tano inawaka kila asubuhi. Nimeamua kuihamisha injini hiyo mwenyewe, nyumbani, kwa kuwa ninayo cheni bloku, seti kamili ya spana na kitabu cha ufundi cha magari haya, pamoja na shemeji ambaye hachoki kushika tochi, ingawa huimulika kila mahali isipokuwa pale ninapofanyia kazi.

Hoja yangu ni kwamba kiwanda chenyewe kiliuza wagoni hii ikiwa na injini ya aina hiyo hiyo kwa jina la 300TD, kwa hiyo sitarajii kukata wala kuchomelea chochote. Aidha, dizeli haina koili wala plagi za cheche, na nategemea kazi ya waya itakuwa ndogo. Naomba aliyewahi kuifanya kazi hii anieleze ni kitu gani watu hukisahau mpaka injini inapokuwa imekwisha kukaa mahali pake.

Spana_14:

Ndugu, hoja ya kuchomelea umeipatia. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,795 katika saluni na katika wagoni, kwa hiyo injini, giaboksi na propela shafti za 300D zihamishe zote pamoja, wala usijaribu kuioanisha giaboksi ya petroli na injini ya dizeli. Chukua pia rejeta, mabano ya maunti, shokomzoba ndogo zinazotuliza injini, bomba la ekzosi na springi za mbele, kwa sababu injini hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo 200 na springi za petroli zitalala. Difu ya 300D, yaani gia za ekseli ya nyuma, ina uwiano wa 3.46, linganisha na ya kwako kabla hujaamua ibaki ipi.

Kinachosahaulika ni vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa. Injini ya petroli hujitengenezea vakyumu yenyewe, kwa sababu inafyonza hewa kupitia kipepeo, kile kisahani cha kudhibiti hewa, ambacho muda mwingi kimefungwa nusu. Dizeli hii haina kipepeo; inafyonza hewa bila kuzuiwa, na ndiyo maana imefungwa pampu ya vakyumu kwa mbele. Pampu hiyo inahudumia busta ya breki, inafunga na kufungua vitasa vya milango yote kwa pamoja, na pia ndiyo inayoizima injini, kwani ukirudisha ufunguo nyuma swichi yake hupeleka vakyumu kwenye kifaa kilicho nyuma ya pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye silinda, nacho kinakata dizeli. Ukiunganisha mirija vibaya utapata gari linalowaka vizuri na kukataa kuzimika.

Lilinipata mimi. Nilizungusha ufunguo nikautoa kabisa, nikasimama nje ya gari nikiushika mkononi, injini ikiendelea kunguruma kana kwamba hainijui. Nilipoteza siku mbili nikiikagua pampu ya nozeli, na hatimaye nikakuta kiwambo cha mpira kilichochanika ndani ya kitasa cha mlango wa nyuma, ambacho kilikuwa kinavujisha vakyumu yote. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, mwonyeshe shemeji wako mkono wenye neno STOP ulio juu ya injini, umfundishe kuusukuma kabla hujamfundisha kumulika.

Jambo la pili linahusu wagoni peke yake. Nyuma ya gari lako hakuna shokomzoba za kawaida. Kuna mfumo wa oili unaosawazisha urefu wa gari linapobeba mzigo, na mfumo huo unahitaji pampu inayozungushwa na injini. Katika 300TD pampu hiyo imefungwa mbele ya silinda hedi na inazungushwa na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Injini ya saluni haina pampu hiyo, na usitegemee kwamba ile ya injini yako ya petroli itakaa pale. Tafuta pampu ya 300TD pamoja na vipande vyote vinavyoiunganisha na kemshafti, uvifunge injini ikiwa bado chini, ambako unaweza kuizunguka pande zote.

Petroli_Daima:

Mimi nitauliza swali ambalo hukuuliza: kwa nini usitafute silinda hedi nyingine? Injini unayotaka kuitoa ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 136, na unayotaka kuiingiza ina 88. Wengi hujifariji kwamba dizeli ina nguvu ndogo lakini inavuta, na kwa dizeli zenye turbo maneno hayo yana ukweli. Hii yako haina turbo. Mvuto wake wa juu kabisa ni Nm 172, wakati 230TE ina Nm 205. Utakuwa umeliongezea gari uzito mbele na kulipunguzia nguvu na mvuto kwa pamoja, kisha ulipakie familia na mizigo ulipeleke mlimani.

Sisemi usifanye. Nasema uifanye ukijua kwamba unachonunua kwa jasho lako ni unywaji mdogo wa mafuta na uimara, basi. Pia hati ya usajili itakuwa na namba ya injini isiyo yako na aina ya mafuta isiyo yako, na mambo hayo ni rahisi kuyashughulikia ukiwa na hati za magari yote mawili mkononi kuliko baada ya kuliuza ganda la saluni kama chuma chakavu.

Karakana_ya_Uani:

Ninakubaliana na waliotangulia, nami nitaongeza yale ya mkononi.

Boneti ya magari haya inaweza kusimama wima kabisa; fungua vizuizi vya bawaba zake uisimamishe, usiibebe na kuiondoa bure. Toa rejeta kwanza. Injini na giaboksi zitatoka pamoja zikiwa zimeinama sana upande wa nyuma, kwa hiyo zifunge mnyororo kwa namna itakayokuruhusu kubadilisha mwinamo zikiwa hewani, na boriti utakayoning'inizia cheni bloku ijaribiwe kwa mzigo mzito zaidi ya huo kabla ya siku yenyewe. Mtu yeyote asiweke mguu wala mkono chini ya injini inayoning'inia, hata kama ni kuokota nati.

Kwenye tangi usiwe na haraka. Mwaga petroli yote nje, mahali pa wazi pasipo na moto wala cheche, suuza tangi kwa dizeli na badilisha mipira ya mafuta iliyozeeka. Pampu ya umeme iliyo chini ya gari upande wa nyuma iondolewe, si kuachwa bila waya, kwa sababu dizeli ina pampu yake ndogo ya kuvuta, iliyofungwa ubavuni mwa pampu ya nozeli. Petroli iliyobaki kwenye mirija huiosha pampu ya nozeli na kuinyima ulainisho, kwa kuwa pampu hiyo inalainishwa kwa sehemu na dizeli yenyewe.

Kuhusu waya, zitapungua upande mmoja na kuongezeka upande mwingine. Koili itaondoka, lakini zitakuja rilei ya hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha, fyuzi yake kubwa na taa ya dashibodi inayokuambia usubiri. Hita plagi za injini yako ni za umbo la penseli na kila moja ina waya wake, tofauti na zile za zamani zilizounganishwa mfululizo, ambapo moja ikikatika zote zinakufa. Kama dashibodi yako ina geji ya mizunguko, itakufa, kwa kuwa ilikuwa inasoma koili. Geji ya presha ya oili nayo haitumii waya hata kidogo: kuna mrija mwembamba unaopeleka oili yenyewe hadi nyuma ya geji. Ukiusahau mrija huo ukiwa wazi, utaoga oili magotini dakika ya kwanza.

Swali langu kwako ni moja. Umepima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda?

Mwenye_Wagoni:

Nawashukuruni nyote. Ndugu Petroli_Daima, takwimu zako zimeniumiza, lakini silinda hedi ya pili niliyoipata nayo ilikuwa imepasuka mahali pale pale, na hati za magari yote mawili ninazo.

Nimepima kompresheni leo injini ikiwa ndani ya saluni bado, ikiwa ya moto. Kuanzia silinda ya kwanza hadi ya tano nimepata bar 23, 22, 23, 18 na 22. Je, silinda ya nne imekwisha?

Spana_14:

Si lazima. Injini hii ikiwa nzima husoma kati ya bar 22 na 24, kiwango cha chini kabisa ni kama 15, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi 3. Yako imepita kwa kiwango cha chini na imefeli kwa tofauti, na kabla ya kulaumu ringi za pistoni angalia nafasi za valvu. Injini ikiwa baridi, valvu ya kuingiza hewa iwe 0.10 mm na ya ekzosi 0.30 mm. Injini inayowaka kila asubuhi huwa haiguswi na mtu kwa miaka mingi, na kadiri valvu inavyojichimbia kitini mwake nafasi hiyo hupungua, mpaka siku moja valvu inabaki wazi kidogo hata wakati inapotakiwa kufunga.

Utahitaji spana mbili nyembamba za namba 14 zilizopinda, moja ya kushika nati ya juu na nyingine ya nati ya kufungia, na ya tatu ya kuzuia kikombe cha springi kisizunguke. Zungusha injini kwa soketi ya namba 27 kwenye bolti ya mbele ya krenki, kuelekea upande inakozunguka ikiwa imewaka. Usiizungushe kwa bolti ya kemshafti.

Mwenye_Wagoni:

Nimerudi na majibu. Valvu ya ekzosi ya silinda ya nne ilikuwa imebana kiasi kwamba fila geji, kile kibapa chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.05 haikupita. Nyingine tatu za ekzosi zilikuwa karibu na 0.20. Nimezirekebisha zote kumi, kazi iliyochukua mchana mzima kwa sababu kila nilipokaza nati ya kufungia, nafasi ilibadilika ikabidi nianze upya. Nimewasha, nimeacha ipate moto na kupima tena: 23, 23, 23, 21 na 22. Mlio nao umebadilika. Ule mtikisiko uliokuwa ukiitingisha rejeta injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta haupo.

Pampu ya kusawazisha urefu nimeahidiwa kuipata kutoka 300TD iliyogongwa nyuma, ikiwa na vipande vyake. Sitaishusha injini kabla haijafika.