Tupeane uzoefu: kitenzi gani cha Kiingereza kilikutoa jasho?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha Kiingereza sekondari, na kosa ninalokutana nalo kila wiki ni "explain me". Mwanafunzi ana hoja: Kiswahili kinasema "nieleze" kama kinavyosema "nipe" na "niambie". Kama "give me" na "tell me" ni sawa, hii ina kasoro gani? Zamani nilijibu "ndivyo wanavyosema wenyewe", na nafsi ilinisuta. Kumbe vitenzi vya asili ya Kiingereza, kama give, tell, send, humweka mpokeaji papo hapo baada ya kitenzi. Vilivyotoka Kilatini na Kifaransa, kama explain, describe, donate, vingi hudai "to". Vighairi vipo ("promise me" ni sahihi), ila wanafunzi wangu angalau wana pa kushika. Leteni vyenu.

Mchangiaji wa 1: Stop! Nikiwa mapokezi hotelini nilimsifia dereva wetu kwa wageni: "He stopped to smoke." Nilitaka kusema ameacha sigara. Wao wakaelewa kwamba husimamisha gari ili avute, wakaomba dereva mwingine. Ilikuwa iwe "stopped smoking". Yule kaka alikosa safari kwa sababu yangu, na bado inaniuma.

Mchangiaji wa 2: Borrow na lend. Sisi "kuazima" inakwenda pande zote, nimeazima kwake, ameniazima. Nilisema "borrow me" hadi nikamaliza chuo.

Mchangiaji wa 3: Mimi ni mke wa mtu, naombeni mnisikilize. Kwenye fomu ya viza niliandika "I was married by my husband". Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa, nikaona nimetafsiri sawasawa. Kwenye usaili nikaulizwa kama mume wangu ni mchungaji! "Married by" humtaja aliyefungisha ndoa: kadhi, padri, msajili. Kumbe Kiingereza hakina kuoa na kuolewa, "I married him" na "he married me" zote ni sahihi. Nilitetemeka nikidhani wataniona mwongo. Nashukuru aliyenihoji alinipa nafasi ya kueleza.

Mwanzisha mada: Pole sana dada. Hilo la "by" kesho naingia nalo darasani, maana kwenye kauli ya kutendwa tunawafundisha kwamba "na" ni "by", basi. Wa stop, remember nayo ni vivyo hivyo: "remember to lock" ni usisahau kufunga, "remember locking" ni nakumbuka nilifunga. Nani imewahi kumkuta hiyo?