Ushauri: wakongwe wa RPG wanachangisha pesa Kickstarter, nitoe au niache?

Walukuba_RPG (Jinja)

Habari zenu wakubwa. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Kuna wakongwe wawili ambao majina yao yalikuwa kwenye maboksi ya RPG (magemu ya kuigiza mhusika kwenye hadithi) za miaka ya 80 na 90. Wamefungua kampeni Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi. Jina la gemu nimeliacha makusudi, uzi usije ukageuka tangazo. Wanataka dola 500,000 na wanaahidi kulitoa baada ya miezi 18: dunia ya wazi, saa 60 za kucheza, mapigano ya zamu, hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Video yao ni ya dakika nne. Tatu na nusu wanasimulia walichofanya zamani, nusu iliyobaki ni michoro ya majoka. Gemu lenyewe halionekani likichezwa hata sekunde moja.

Nimetenga shilingi 200,000, kama dola 55 hivi. Ukichangia dola 25 unapata gemu la kupakua; ukichangia 55 wanaongeza boksi, ramani ya kitambaa na kitabu. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, na picha zinategemea chipu ya Intel tu, haina kadi ya picha. Je, jina la mkongwe ni dhamana ya kutosha? Na nikiamua kutoa, nichukue kiwango kipi, na nilipe vipi?

Namuwongo_Dev

Ndugu, tuanze na hesabu, maana kampeni nyingi za aina hii hufia hapo kabla msimbo (code ya gemu) haujaandikwa.

Kickstarter wanakata asilimia 5. Anayepitisha malipo anakata asilimia 3 na senti 20 juu ya kila mchango. Kwa dola 500,000 hayo ni kama 42,000. Maboksi, ramani za kitambaa na kuzisafirisha, weka 50,000, na hapo nimewahurumia. Zinabaki kama 400,000.

Makadirio ambayo watengenezaji wa Marekani wamezoea ni dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi: mshahara, bima, ofisi, kompyuta, leseni. Kwa hiyo 400,000 ni miezi 40 ya kazi ya mtu mmoja. Gawanya kwa 18, unapata watu wawili na robo. Wazee wawili wenyewe wameshaimaliza. Wa kuchora atalipwa na nani? Wa muziki? Wa kuandika msimbo wa mapigano? Wa kukaa anatafuta makosa miezi mitatu ya mwisho?

Linganisha na kampuni ya magemu ya Obsidian. Mwaka 2012 walikusanya karibu dola milioni 4 kwa gemu lililokuja kuitwa Pillars of Eternity. Ukitoa makato na zawadi, kwa kipimo kile kile, ni kama watu 12 kwa miezi 29, na kweli lilitoka Machi 2015, karibu mwaka mzima baada ya tarehe waliyoahidi. Hao walikuwa na kampuni nzima inayofanya kazi kila siku.

Kwa hiyo ama kuna pesa nyingine ambayo hawajaitaja, ama saa 60 zitakatwa zibaki 15. Nenda kwenye maoni ya kampeni uwaulize moja kwa moja: pesa iliyobaki inatoka wapi? Kuwa na mfadhili mwingine si aibu. Mbunifu wa magemu Koji Igarashi alipochangisha kwa ajili ya gemu lake Bloodstained mwaka 2015 alisema wazi kwamba sehemu kubwa ya bajeti ingetoka kwingine. Wakikujibu kwa emoji ya moyo, ujue jibu.

MzeeDOS

Hesabu ya kijana hapo juu imenyooka. Mimi naongeza upande wa majina.

Jina kwenye boksi la 1988 linakuambia kwamba mtu huyo aliwahi kuwa kwenye timu iliyomaliza kazi. Timu ya watu wachache, kompyuta yenye kumbukumbu ya KB 64, picha za rangi chache. Hakuna sauti za waigizaji, hakuna mwanga wa kukokotoa, hakuna kadi za picha za kila aina za kufanyia majaribio. Ujuzi wa kubuni kanuni za mchezo bado unafaa leo. Ujuzi wa kusimamia utengenezaji wa sasa ni kitu kingine, na hauji kwa kukumbuka.

Mfano wa karibu kabisa na wako: Oktoba 2012, Brenda Brathwaite (siku hizi Brenda Romero) na Tom Hall waliomba dola milioni 1 kwa ajili ya RPG ya kizamani. Hawa si watu wadogo. Brenda alikuwa mbunifu wa RPG ya Wizardry 8, na Tom ni mmoja wa waanzilishi wa id Software, kampuni ya gemu la Doom, na ndiye aliyeongoza RPG ya Anachronox. Lakini kampeni ilifunguliwa kwa jina la aina ya gemu tu. Jina Shaker na maelezo ya hadithi vilikuja baadaye, watu walipoanza kuuliza wanachangia nini hasa. Walifika kama robo ya lengo, wakaifunga wenyewe kabla ya siku ya mwisho. Wachangiaji hawakupoteza hata senti, kwa sababu Kickstarter haitozi kadi lengo lisipofikiwa. Ile ndiyo namna nzuri ya kushindwa.

Namna mbaya ni pale lengo linapofikiwa. Underworld Ascendant ya Paul Neurath, aliyeongoza Ultima Underworld ya 1992, ilikusanya zaidi ya dola 800,000 mwaka 2015. Ilitoka Novemba 2018 ikiwa na makosa tele, na ukisevu ukatoka, ukirudi unaanzishwa mwanzo wa ngazi. Tatizo halikuwa uvivu. Waliahidi dunia ambayo kila kitu kinawaka, kinalowa, kinavunjika na kubebeka, na mifumo ya namna hiyo ikigusana huzaa makosa kuliko timu ndogo inavyoweza kuyafukuza.

Shroud of the Avatar ya Richard Garriott, baba wa RPG za Ultima, nayo ilikusanya dola milioni 1.9 mwaka 2013. Ikawa na viwanja na nyumba za kuuzwa kwa pesa halisi, ikatangazwa kukamilika Machi 2018, na mwaka uliofuata ikahamia kwa kampuni nyingine. Aliyekuwa anangoja Ultima ya kucheza peke yake alipata kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo mimi huangalia mambo matatu tu. Mkongwe ametoa nini ndani ya miaka mitano iliyopita? Nani ndiye mwandishi mkuu wa msimbo, kwa jina, na yumo kwenye timu tayari au "ataajiriwa"? Na je, kuna demo, hata ya chumba kimoja na adui mmoja? Video ya kumbukumbu haihesabiki.

Arua_Zamu

Mzee, shikamoo, lakini hapa mnawaonea. Mmechagua walioanguka tu. Brian Fargo alitoa Wasteland ya kwanza 1988, akarudi 2012, akapata karibu dola milioni 3, na Wasteland 2 ikatoka Septemba 2014. Ilichelewa mwaka mmoja, sawa, lakini ilitoka na ni gemu zuri. Pillars pia ilijaa watu wa enzi za Baldur's Gate na Fallout. Bila wakongwe hawa mapigano ya zamu yangekuwa makumbusho.

MzeeDOS

Marahaba. Umesema kweli, na mifano yako ndiyo inayonisaidia. Fargo na Obsidian walikuja na kampuni zilizo hai: wafanyakazi, zana, injini ya Unity (programu ya kujengea magemu) isiyohitaji kujengwa upya, na pesa za ziada. Wasteland 2 iliuzwa mapema Steam (duka la magemu mtandaoni) tangu Desemba 2013 kabla haijakamilika, na pesa hiyo iliingia kwenye kazi. Kampuni ya Larian nao walichangisha mwaka 2013 kwa ajili ya Divinity: Original Sin wakiwa tayari na gemu linaloonekana likichezwa.

Na hata kampuni iliyo hai huteleza. Fargo huyo huyo aliahidi Torment: Tides of Numenera Desemba 2014, likatoka Februari 2017. Baadhi ya wahusika wenza waliotangazwa kwenye malengo ya ziada (ahadi zinazoongezwa michango ikizidi lengo) walikatwa, na tafsiri ya Kiitaliano ikafutwa huku Waitaliano wameshachangia. Malengo ya ziada ni sumu tamu: kila dola 100,000 inayoongezeka inakuja na ahadi mpya ya kazi ya dola 150,000. Ukiona wazee wa kampeni hii wameanza kuahidi mji wa pili kabla mji wa kwanza haujaonekana, ondoka.

Nnyabo_Pikseli

Mimi niko upande wa matumizi, maana naona mnabishana historia na ndugu yetu ana shilingi 200,000 mkononi.

Sahau boksi. Kiwango cha dola 55 kinaonekana nafuu mpaka ufike kwenye usafirishaji, ambao kampeni nyingi huutoza baadaye kwenye fomu ya anwani. Kwa Afrika bei yake huwa ya juu kabisa kwenye jedwali. Utahitaji sanduku la posta linalofanya kazi, na mzigo ukifika, URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) wanaweza kukadiria ushuru pamoja na VAT ya asilimia 18. Ramani ya kitambaa ya dola 15 inaweza kukugharimu zaidi ya gemu. Na boksi ndilo hukatwa kwanza pesa zikiwaishia. Wengi huambulia faili la PDF.

Ukitoa, toa dola 25, kama shilingi 90,000, na uihesabu kuwa umeshaitumia. Kickstarter si duka. Mkataba ni kati yako na mtengenezaji, na hakuna mtu atakayemshtaki Mmarekani kutoka Jinja kwa dola 25, ssebo.

Ila usitoe leo. Kwenye ukurasa wa kampeni kuna kitufe cha kukumbushwa. Kibonyeze, utaletewa barua pepe saa 48 kabla ya kufungwa. Kufikia hapo maswali ya Namuwongo yatakuwa yamejibiwa au yamekwepwa, na utaona kama demo imetoka. Siku hizi kampeni nyingine huruhusu hata kuchangia baada ya kufungwa, ingawa hapo kadi inatozwa papo hapo. Kinachopotea kwa kungoja ni punguzo la siku za kwanza, dola tatu au tano.

Walukuba_RPG (Jinja)

Asanteni sana. Boksi nimeliacha. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kadi ya mtandaoni ya kujaza pesa kwa simu inakubalika? Na wakati nangoja, nicheze nini kwenye hii laptopu ili nijue kama kweli naupenda huu mtindo?

Namuwongo_Dev

La pili kwanza, ndilo tamu.

Anza na vya bure. Ultima IV ya 1985 inatolewa bure GOG, duka jingine la magemu mtandaoni. Haina orodha ya kazi za kufanya. Unazungumza na watu kwa kuandika neno, mfano NAME au JOB, na wakitaja kitu kipya unaandika neno hilo. Usipoandika kwenye daftari umepotea ndani ya saa moja. Kama hilo linakuudhi, dola 25 zako zimepona.

Kisha Daggerfall ya 1996, bure Steam. Pakua pia Daggerfall Unity, toleo jipya la injini lililotengenezwa na mashabiki; ukiifungua mara ya kwanza itakuuliza folda ya gemu la asili ilipo, ielekeze kwenye folda ya Daggerfall ndani ya steamapps. Vyote kwa pamoja havifiki GB 2. Laptopu yako itavibeba bila shida. Sevu mara kwa mara kwa mkono, magemu haya hayakuhurumii umeme ukikatika.

Ukitaka kuchora ramani kweli, Wizardry ya 1981 imetengenezwa upya na Digital Eclipse ikatoka 2024. Shimo lina ngazi 10, kila moja miraba 20 kwa 20. Daftari la hesabu la miraba la dukani linatosha, ila zima ramani ya kwenye skrini, la sivyo unajidanganya.

Pillars of Eternity inadai GB 14 za diski. Kwenye Intel inategemea chipu ni ya mwaka gani. Inunue Steam wakati wa punguzo, ijaribu. Wanarudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujazidisha saa 2 za kucheza. Saa hizo zinahesabu hata ukiliacha limefunguliwa ukaenda kula rolex (chapati ya mayai), kwa hiyo lifunge. Omba pesa irudi kwenye pochi ya Steam, maana kurudi kwenye kadi ya mtandaoni huchelewa na wakati mwingine kadi imeshafutwa. Pia weka kila gemu lisasishwe pale tu unapolifungua, la sivyo Steam itakula bando lote usiku umelala.

Nnyabo_Pikseli

Kuhusu kadi: Visa au Mastercard ya mtandaoni inapita, mradi iruhusu malipo ya nje kwa dola. Shida yake ni muda. Ukiahidi leo, pesa haikatwi leo. Inakatwa kampeni ikifungwa na lengo limefikiwa, pengine wiki nne baadaye. Angalia kadi haiishi muda kabla ya siku hiyo, na kadi za kutumika mara moja usizitumie kabisa. Siku ya kufungwa hakikisha salio lipo, weka shilingi 100,000 badala ya 90,000, kwa sababu benki ina kiwango chake cha kubadilishia dola na ada juu yake. Simu iwe hewani kwa ajili ya namba ya uthibitisho.

Ikigoma, Kickstarter wanajaribu tena kwa siku saba na kukutumia barua pepe. Unaweza kubadilisha kadi ndani ya siku hizo. Zikipita, ahadi yako inafutwa na hudaiwi kitu.

Na ukibadili mawazo kabla ya kufungwa, unajitoa mwenyewe kwenye ukurasa wa ahadi yako. Kizuizi ni kimoja: ndani ya saa 24 za mwisho huwezi kujitoa kama kutoka kwako kutaishusha kampeni chini ya lengo. Kwa hiyo ukiona wamekaa kwenye dola 500,200 na bado una shaka, jitoe siku mbili kabla.