Naomba ushauri: Akiba ya miaka minne kwa ajili ya Disney World, bajeti yetu imekaa sawa?

Mama Wawili (mleta mada)

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba mawazo ya wale waliowahi kupanga safari kubwa ya familia kwa fedha yao wenyewe, bila mkopo.

Mimi na mume wangu tumekubaliana kuwapeleka watoto Walt Disney World, bustani za burudani kule Florida, Marekani, miaka minne ijayo. Mkubwa ametimiza miaka 6 hivi karibuni, na mdogo ndiyo kwanza amemaliza mwaka mmoja. Tulikaa na daftari, tukaandika nauli ya ndege ya watu wanne, hoteli, tiketi za kuingilia, chakula na usafiri wa huko, tukajumlisha kwa bei za leo, kisha tukagawanya kwa miezi 48. Kiasi kilichopatikana kinabana lakini tunakimudu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hesabu yenyewe imekuwa rahisi mno. Je, ni sahihi kutumia bei za leo? Fedha ikae wapi muda wote huo, ikizingatiwa kwamba mapato yetu si ya dola? Na je, kuna jambo ambalo daftari letu limelisahau? Naomba kuwasilisha.

Mhasibu Mkongwe

Mleta mada, hongera kwa kuanza mapema. Hesabu yenu ina mapengo mawili, na la kwanza umeshalinusa mwenyewe. Bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kwa mwaka, kila 100 mliyoiandika leo itakuwa takriban 122 baada ya miaka minne, na zikipanda kwa asilimia 8 itakuwa 136. Maana yake, mkitunza nidhamu mwezi hadi mwezi bila kukosa, bado mtafika mwisho mkiwa mmepungukiwa kati ya moja ya tano na zaidi ya moja ya tatu ya kile mlichokusanya. Sisemi mzidishe mchango wa mwezi kuanzia leo, kwa kuwa umesema unabana. Panga uongezeke kidogo kila mwaka mshahara unapopanda, na chagueni mwezi mmoja ambao kila mwaka mtafungua hilo daftari, mtaandika bei mpya na kugawanya upya kwa miezi iliyobaki.

Pengo la pili halionekani kwa urahisi. Safari hailipwi siku ya kuondoka. Mashirika mengi ya ndege huanza kuuza viti takriban miezi 11 kabla, na hoteli hutaka malipo ya awali mapema, hivyo sehemu kubwa ya fedha yenu itahitajika karibu mwaka mzima kabla hamjafunga mabegi. Nauli basi mnaitafutia kwa miezi 37 hivi, si 48. Andikeni kila kipengele na mwezi wake wa kulipwa, kisha mgawanye kila kimoja peke yake.

Msafiri na Watoto

Naungana na Mhasibu, lakini naongeza kwamba si bei tu zinazobadilika, hata orodha ya vitu vya kulipia hubadilika. Chukulia familia iliyopanga bajeti yake mwaka 2018 kwa ajili ya safari ya mwaka 2022. Wakati wanapanga, wageni wa hoteli za Disney walikuwa wakichukuliwa uwanja wa ndege wa Orlando kwa basi la bure, na foleni ya haraka ya FastPass+ haikuwa na malipo. Basi hilo lilikoma Januari 2022. FastPass+ haikurudi baada ya bustani kufungwa mwaka 2020, na Oktoba 2021 ikaja Genie+ ya kulipia, ambayo tangu Julai 2024 inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Familia hiyo ingekuta vipengele viwili ambavyo havikuwamo kabisa katika daftari lao. Kwa hiyo acheni fungu lisilo na jina, kama asilimia 10 ya jumla, na msikubali kulipangia matumizi hata mkiliona limenona.

Kuhusu tiketi, tangu Oktoba 2018 bei ya kuingia hutegemea tarehe, na wiki za likizo za shule za Marekani pamoja na mwisho wa mwaka ndizo ghali zaidi. Kama kalenda yenu ya shule haifanani na yao, hapo ndipo mnapoweza kuokoa fedha bila kujinyima kitu. Tiketi ya siku nyingi pia hushusha bei ya kila siku. Bustani ziko nne, na kwa watoto wadogo bustani moja kwa siku inatosha, hivyo tiketi ya kuhama kutoka bustani moja hadi nyingine siku hiyohiyo iondoeni kwenye bajeti tangu sasa. Siku ya kufika isihesabiwe tiketi. Mkishuka kwenye ndege mmechoka, mtaingia jioni na kulipia siku nzima kwa saa tatu za kununa.

Kibubu

Nijibu lile la fedha ikae wapi. Kabla ya yote, je, mna akiba ya dharura ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita? Kama hamna, anzeni na hiyo, kwa sababu bila hiyo mfuko wa safari ndio utakaolipia hospitali na gari bovu, na safari itaahirishwa kila mwaka.

Kama ipo, fungueni akaunti ya peke yake isiyo na kadi, na muweke agizo la kudumu benki ihamishe fedha siku ileile mshahara unapoingia. Kila kiasi kikikua, sehemu yake muiweke kwenye amana ya muda maalumu (fedha isiyoguswa benki hadi tarehe iliyopangwa), na hakikisheni tarehe ya kuiva iko mwezi mmoja au miwili kabla ya malipo mnayoyalenga, kwa kuwa kuivunja kabla ya muda kwa kawaida hupoteza riba. Hisa sizipendekezi kwa fedha yenye tarehe. Soko likianguka miezi mitano kabla ya kulipa nauli, halitawasubiri.

Kuhusu dola, gharama zenu nyingi zitakuwa za dola hata kama mapato si ya dola. Badilisheni kidogo kidogo kwa vipindi, ili msije mkabadilisha zote siku ambayo kiwango kimekaa vibaya.

Mhasibu Mkongwe

Kibubu, hapo kwenye dola nakubali nusu. Akaunti za fedha za kigeni mara nyingi hutoa riba ndogo, na kila ubadilishaji una makato yake. Ningeanza kubadilisha katika nusu ya pili ya muda, kwa robo mwaka badala ya kila mwezi, na nusu ya kwanza ningeiacha ikae kwenye amana ya riba nzuri.

Kibubu

Kama riba hiyo inazidi kasi ya sarafu yao kushuka dhidi ya dola, sawa. Kama haizidi, mwenye kusubiri ndiye anayelipa tofauti. Waangalie mwenendo wa miaka michache iliyopita kisha waamue.

Shangazi wa Foleni

Ndugu zangu mmeongea fedha vizuri, lakini hakuna aliyeuliza urefu wa watoto. Mimi ningeanzia hapo, kwa kuwa ndio unaoamua mwaka wa kwenda.

Baada ya miaka minne mkubwa atakuwa na miaka 10 na mdogo 5. Disney World humhesabu mtoto wa miaka 10 kuwa mtu mzima kwenye tiketi. Mtu anaweza kukushauri uwahishe safari miezi michache ili aingie akiwa na 9. Usimsikilize. Tofauti ya tiketi ya mtoto na ya mtu mzima ni ndogo, lakini mdogo ndiye atakayeumia. Michezo ya kupanda huko ina urefu wa chini unaoruhusiwa: Space Mountain ya huko Florida na Expedition Everest hutaka urefu wa sentimita 112, na Tron hutaka 122. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, urefu wa kati wa mtoto wa miaka 5 ni kama sentimita 109 hadi 110. Mtoto anapimwa mlangoni kwa kijiti, na mhudumu hana huruma ya sentimita mbili, hata mkiwa mmetoka upande wa pili wa dunia. Akifika 6, urefu wa kati ni kama 115 au 116, kwa hiyo milango mingi inafunguka.

Ushauri wangu ni kusogeza hadi miaka mitano. Mtapata miezi 12 zaidi ya kukusanya, na mkubwa akiwa na 11 bado hajafikia umri wa kuona aibu kuongozana na wazazi. Kama hamwezi kusogeza, ulizeni utaratibu wa wazazi kupokezana, ambapo mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

Mama Wawili (mleta mada)

Asanteni sana, nyote. Tumezungumza jana usiku na tumekubali miaka mitano. Kiasi cha mwezi tunakibakiza kilekile kwa mwaka wa kwanza, kisha tutaongeza kila Januari, ambao ndio utakuwa mwezi wetu wa kufungua daftari. Akiba ya dharura ipo ya miezi miwili, hivyo tutaijaza kwanza. Swali la mwisho: viza na pasipoti tuziweke wapi katika mpangilio wa malipo?

Msafiri na Watoto

Viza iwe ya kwanza kutoka, kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa. Ada ya maombi ya viza ya Marekani hairudishwi hata mkikataliwa, na hulipwa kwa kila mwombaji, watoto wakiwemo, hivyo iandikeni mara nne. Siku za kusubiri usaili hutofautiana sana kati ya ubalozi na ubalozi, kwa hiyo angalieni hali ilivyo kwenu mwaka mmoja na nusu kabla ya safari. Nauli mkate mkiwa na viza mkononi.

Pasipoti ya mdogo msiiharakishe. Nchi nyingi huwapa watoto pasipoti za muda mfupi kuliko za wakubwa, na mkiichukua sasa, mwaka wa safari mtailipia tena.