Kisiwa Kilinunuliwa kwa Nguo

Nasra: Shikamooni wakubwa. Tumevuka kutoka Kilwa Masoko, sasa hivi niko Kilwa Kisiwani ndani ya Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani. Vyumba zaidi ya 100! Na bwawa la kuogea la pembe nane, la karne ya 14.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Wenzetu walikuwa na bwawa, huku Mbagala bomba leo siku ya tatu linakohoa tu.

Baba Mdogo: Waarabu hao, sisi tulibeba mawe.

Nasra: Baba Mdogo, mawe yenyewe matumbawe ya hapahapa. Nimeushika ukuta, chokaa imebanduka, vitundu vya tumbawe vinakwaruza kidole. Halafu 2023 walitoa majibu ya DNA ya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo. Ubabani wengi Uajemi, umamani karibu wote Waafrika.

Shangazi: Ndiyo maana tunaongea Kiswahili na si Kiajemi. Mtoto anafundishwa kusema na nani?

Baba Mdogo: Haya dada, umeshinda.

Hamisi: Utajiri ulitoka wapi?

Nasra: Dhahabu ya bara kule Zimbabwe, ikishukia Sofala, bandari ya huko Msumbiji. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyu wa hili jumba, alikuwa na pesa zake za shaba. Moja imeokotwa Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe. Nyingine za Kilwa ziliokotwa 1944 kisiwani huko Australia, we acha tu.

Nasra: Shangazi, hii yako. Tarikhi ya Kilwa, maandishi ya zamani ya habari za mji huu, inasema Mshirazi Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote.

Shangazi: Chote?? Hizo doti ngapi? Na walipima kwa mkono wa nani, wa muuzaji au wa mnunuzi? Mimi hapa Kariakoo kwa mkono tu watu wanatoana macho.

Nasra: Hawakuandika 😂 Ila muuzaji alijuta, akataka kurudi na jeshi maji yakitoka. Akakuta Ali keshauchimba mkondo, hakuvukiki.

Shangazi: Mali ikishatoka dukani hairudi.

Hamisi: Mbona sasa ni magofu?

Nasra: Mreno naye alichangia, 1505. Mkuu wao Almeida alikuja na merikebu, wakapora mji.

Baba Mdogo: Na nguo hakuleta.

Shangazi: Hata leso. Nasra, boti ya kurudi saa ngapi? Usisubiri maji yatoke.